Bwana Yuko Kongresini, Nyumbani Hakuna Pini

Katikati ya Julai 1775 John Adams, ambaye baadaye angekuwa rais wa Marekani, alikuwa Philadelphia, kwenye Kongresi, baraza la wajumbe wa makoloni ya Amerika, akibishana na wenzake namna ya kuendesha vita dhidi ya mfalme wa Uingereza. Huko nyumbani Braintree, Massachusetts, mkewe Abigail aliketi kumwandikia. Alikuwa na mengi ya maana ya kusema: alikuwa ndiyo kwanza amekutana na Jenerali George Washington, akamweleza mumewe alivyomwona. Lakini humohumo baruani akatia ombi. Amnunulie furushi la pini, alitie sandukuni, aje nalo. Pini zilizokuwa zikiuzwa shilingi 7 na peni 6 sasa ni shilingi 20, na hata ukiwa na hizo shilingi 20 huzipati.

Nimeanza na pini kwa makusudi. Habari za wake wa wanasiasa tumezoea kuzisimulia kwa mtindo mmoja: mke kakaa dirishani, machozi yanamlengalenga, mume yuko mbali anapigania taifa. Upweke ulikuwepo, sikatai. Ila ukizisoma barua za wawili hawa kwa mfululizo, na zimesalia zaidi ya 1,100, utaona machozi yana sehemu yake na hesabu zina sehemu kubwa zaidi. Bei ya pini, ujira wa vibarua, kodi iliyopanda, mpangaji msumbufu, sabuni ya kupika. Wanaomjua Abigail Adams wengi wanamjua kwa sentensi moja tu, ile ya kumwambia mumewe awakumbuke wanawake, na sentensi hiyo imechapishwa mpaka kwenye vikombe vya chai. Pini hakuna aliyezichapisha popote.

Kwa maoni yangu tumeshika kipande kidogo tukaacha kikubwa. John Adams anasifiwa hadi leo kama mwanasiasa asiyenunulika, mtu aliyetumikia umma miaka mingi akapata kidogo. Sifa hiyo anastahili. Lakini aliweza kuwa asiyenunulika kwa sababu nyumbani palikuwa na mtu anayejua bei ya kila kitu.

Abigail Smith alikuwa binti wa mchungaji wa Weymouth. Shule hakukanyaga; alijifunza kwenye vitabu vya nyumbani. Aliolewa Oktoba 1764, bado mwezi mmoja kutimiza miaka 20, na mume alikuwa wakili mwenye shamba. John alipoondoka kwenda kwenye Kongresi ya kwanza Agosti 1774, safari ya karibu kilomita 500 kwa gari la farasi, alimwachia watoto wanne: mkubwa miaka 9, mdogo hajafika 2. Tangu siku hiyo hadi 1784, Abigail alipomfuata Ulaya, waliishi pamoja kwa vipandevipande: wiki hapa, miezi mitatu pale, kisha bwana anaondoka tena.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mwanasiasa huyu methali haikufanya kazi. Yeye hakuwepo, lakini shamba lilikuwepo, watoto walikuwepo, jina lilikuwepo, na wadeni wake walikuwa wakidaiwa. Mtu alikuwa amesimama mahali pake.

Na kusimama mahali pa mtu si kazi ya kukaa. Vita vilipozuka Aprili 1775, nyumba ya Braintree iligeuka kambi. Mwezi uliofuata Abigail anamweleza mumewe jinsi askari wanavyoingia kutaka malazi, kutaka kifungua kinywa, kutaka chakula cha jioni, kutaka cha kunywa. Na wakimbizi kutoka Boston wanafika hoi, wengine wanaomba pa kulala usiku mmoja, wengine wiki. Kwenye nyumba nyingine ya familia alikuwemo mpangaji aliyetakiwa kubana nafasi ili familia ya wakimbizi ipate chumba. Akagoma. Abigail akamsihi, wapi. Mpangaji alijua vizuri kwamba mwenye nyumba yuko mbali, na kwamba huyu aliye mbele yake, kwa sheria, si mwenye nyumba.

Hapo ndipo ilipo shida yenyewe ya mke wa mwanasiasa aliye safarini, na ndiyo maana sipendi simulizi za dirishani. Kazi kuongezeka ni jambo moja, na kazi huzoeleka. Kibaya ni kuwa na jukumu bila kauli. Kila mtu anakuja kwako kwa sababu wewe ni mke wa fulani, na anayetaka kukugomea anakugomea kwa sababu hiyohiyo.

Mwaka huo ulikuwa na mabaya zaidi. Juni 17 alipanda kilima cha Penn akimshika mkono mwanawe John Quincy, miaka 7, wakatazama mapigano ya Bunker Hill na moshi wa mji wa Charlestown ukiteketea. Baadaye, John akiwa amerudi Philadelphia siku chache tu zilizopita, ugonjwa wa kuhara damu ukaingia nyumbani. Akaugua Abigail mwenyewe, akaugua mdogo Thomas, akaugua Patty, msichana wa kazi. Mama yake Abigail, aliyekuwa akija kuwauguza, naye akashikwa, akafariki Oktoba 1. Patty akafa siku chache baadaye. John alipokea habari hizi kwa barua, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imepitwa na wakati kabla hajaifungua.

Sasa njoo Julai 1776, mwezi ambao vitabu vya historia vimeufanya wa John peke yake. Kongresi inapitisha Azimio la Uhuru. Mwezi huohuo Abigail naye anapitisha lake. Ndui ilikuwa imeenea Boston, na kinga ya wakati huo haikuwa sindano safi ya hospitali: walikuwa wakichukua usaha wa mgonjwa wa ndui na kuutia kwenye mchanjo wa ngozi ya mzima, ili augue kidogo asije akaugua sana. Wengine waliugua sana hivyohivyo, wengine walikufa. Abigail aliamua watoto wote wanne wachanjwe, na yeye pamoja nao. Alihamia Boston kwenye nyumba ya jamaa, akaswaga ng'ombe wa maziwa kutoka Braintree, akapeleka nyasi kavu na kuni, akaanzisha maisha kamili ya nyumbani katikati ya mji wenye ndui. Ruhusa ya mume hakuisubiri. John alijua mambo yakiwa yamekwishafanyika.

Huyo ng'ombe ananivutia kuliko maazimio mengi. Anayemswaga ng'ombe kwenda naye kwenye chanjo amekwishapiga hesabu ya siku, ya midomo na ya maziwa. Hata hivyo hesabu ilizidiwa. Shughuli iliyotarajiwa kwisha kwa wiki chache ilikula karibu miezi miwili. Charles, miaka 6, alichanjwa mara kadhaa bila kushika, mwishowe akaipata ndui yenyewe, akawa anaweweseka kwa siku mbili. Julai 18, katikati ya shughuli hiyo, Abigail alikwenda kusimama kwenye umati wa Boston kusikiliza Azimio likisomwa kutoka roshani ya jengo la serikali. Kisha akarudi kwa wagonjwa wake.

Watoto wote wanne walipona.

Mwaka uliofuata alikuwa mjamzito, John hayupo tena. Julai 1777 alihisi mtoto amekufa tumboni, akamwandikia mumewe hofu hiyo, na hata uchungu ulipoanza aliendelea kuandika. Mtoto alizaliwa mfu, wa kike, walimwita Elizabeth. Hapa sina uchambuzi wa kufanya.

Ninachokitazama ni barua ya Julai 31, hata wiki tatu hazijatimia baada ya msiba. Anasimulia kisa cha Boston, na anakisimulia kwa raha isiyofichika. Mfanyabiashara mmoja tajiri na bahili alikuwa ameficha kahawa stoo, hataki kuiuza chini ya shilingi 6 kwa ratili. Wanawake wapatao mia au zaidi wakamwendea na mkokoteni, wakamtaka funguo. Akakataa. Mmoja wao akamkamata shingoni akamtupa ndani ya mkokoteni. Alipoona hawana utani, akatoa funguo. Wakaubinua mkokoteni wakamwaga, wakafungua ghala, wakapakia kahawa, wakaondoka. Wanaume wengi walikuwa wamesimama pembeni wakitazama, hakuna aliyetamka neno.

Kwenye Kongresi mfumuko wa bei ulikuwa ajenda. Kwa wanawake wale ulikuwa ni kahawa ambayo haipo kikombeni wakati ghala la jirani limejaa. Abigail aliuona uchumi wa vita kutoka upande huo wa chini, na nadhani ndiyo sababu aliuelewa mapema kuliko mumewe. Pesa za karatasi zilizochapishwa kugharamia vita zilikuwa zikiporomoka mwezi hadi mwezi. Vibarua wa shamba wamekwenda jeshini, waliobaki wanadai ujira mkubwa. Kodi zinapanda. Posho ya mjumbe wa Kongresi haitoshi. Ungetegemea nini? Familia nyingi za viongozi wa mapinduzi zilifilisika zikiwa na heshima zao.

Yeye alibadili mchezo mara tatu. Kwanza shamba: mwaka 1778, alipoona ujira wa vibarua utammaliza, alilikodisha kwa wakulima wawili kwa makubaliano ya nusu kwa nusu, mavuno na gharama. Hasara ikagawanyika.

Pili biashara. John alipokuwa mjumbe Ufaransa alikuwa akimtumia vitu vya nyumbani, na yeye akagundua kwamba leso, riboni, vitambaa na vyombo vya kaure vinauzika mara moja kwenye nchi iliyofungiwa bahari na meli za adui. Zawadi zikageuka shehena. Alianza kumwandikia mumewe orodha: leta hiki, kile hakiuziki, rangi hii haitakiwi. Fikiria balozi wa taifa changa, asubuhi anazungumza na mawaziri wa mfalme, mchana anatakiwa kuhakikisha riboni zimefungwa vizuri kwenye sanduku. Bidhaa ziliuzwa kupitia jamaa na marafiki, jina la mke wa mheshimiwa lisionekane kwenye meza ya duka. Meli nyingine zilikamatwa njiani. Zilizofika ziliilisha nyumba.

Tatu, na hapa ndipo mke na mume walipotofautiana kabisa, ni hati za mikopo ya serikali, ambazo alianza kuziwekea pesa mwaka 1777. John alikuwa mtu wa ardhi. Pesa ikionekana, yeye anataka kipande kingine cha Braintree, hata kama ni kinamasi. Abigail aliona ardhi inakula kodi na vibarua, wakati hati inalipa riba ukiwa umelala. Miaka ya 1780, kwa mkono wa jamaa yake daktari Cotton Tufts, familia ilinunua hati zaidi, zilizoshuka bei. Nyingi za aina hiyo walilipwa askari kama mshahara, nao kwa njaa wakaziuza kwa bei ya kutupa. Serikali ya shirikisho ilipoamua mwaka 1790 kuheshimu madeni hayo kwa thamani yake kamili, walioshikilia hati walipata faida kubwa. Sitamtetea kwa hilo. Asiyenunulika Philadelphia alikuwa akilelewa, kwa sehemu, na hasara ya mtu aliyepigana vita vyenyewe. Siasa safi nayo ina jiko lake, na jiko lina moshi.

Na asidhaniwe kuwa hakukosea wala hakuwa na tamaa ya ardhi. Mwaka 1782 alinunua viwanja Vermont, zaidi ya ekari 1,600 kwa jumla, kwa majina ya mumewe na watoto wao wanne, akiota siku John atakapoacha siasa wakaishi huko msituni. John alijibu kwa ufupi wa mtu aliyeshtuka: asijihusishe tena na Vermont. Huko hawakuhamia kamwe. Ila tazama majina yaliyoandikwa: mume, na watoto wanne. La aliyetafuta viwanja na kutoa pesa halimo.

Sheria ndiyo iliyolitoa. Massachusetts ilifuata sheria ya Kiingereza ambayo mwanamke akiolewa nafsi yake ya kisheria inamezwa na ya mumewe. Mali yake ni ya mume, mkataba hawezi kuutia saini kwa jina lake, alichochuma si chake. Abigail aliendesha shamba, duka na hazina ya familia kwa muongo mzima akiwa, mbele ya sheria, hayupo.

Ukiwa na hayo kichwani, isome upya ile barua ya Machi 31, 1776. Wengi wanaisoma kana kwamba aliomba haki ya kupiga kura. Hakuomba. Alimwambia John kwamba kwenye sheria mpya watakazotunga, wasiwaachie waume madaraka yasiyo na mipaka juu ya wake zao, kwa sababu wanaume wote wangekuwa madikteta kama wangeweza. Hilo ni suala la ndoa na mali. Ni suala la mpangaji aliyegoma. Na angalia jirani za sentensi hiyo ndani ya barua: anaeleza kwamba nyumba yao ya Boston, Waingereza walipoondoka, imekutwa chafu kupindukia ila haijabomolewa, daktari wa kikosi alikuwa akiishi humo. Anajibu swali la mumewe kama ameanza kutengeneza shura ya baruti: bado, labda akishamaliza kupika sabuni. Anasema kazi iliyopo ni kushona nguo, la sivyo familia itatembea uchi. Haki za wanawake, sabuni, baruti na nguo za watoto, karatasi moja. Wachapishaji wa vikombe wameikata sentensi kutoka kwenye nyama yake.

John alijibu kwamba hakuweza kujizuia kucheka. Alisema walikwishasikia kwamba mapinduzi yamewatia kiburi watoto, wanafunzi, Wahindi Wekundu na weusi, lakini barua yake ndiyo ya kwanza kudokeza kwamba kuna kabila jingine, kubwa kuliko yote, nalo limechachamaa. Akaongeza kwa mzaha kwamba wanaume ni mabwana kwa jina tu. Mzaha ule unaniudhi kwa sababu ndani ya nyumba yake ulikuwa na ukweli: kweli alikuwa bwana kwa jina. Mwenye jina alikuwa na sheria, na mwenye kazi alikuwa na jina la mwenzake. Abigail aliwahi kumshauri rafiki yake Mercy Otis Warren kwamba waandike maombi kwa Kongresi. Wala hakukasirika kimya: mwezi Mei alimwandikia John kwamba madaraka ya kiimla ni kama vitu vingine vigumu, huvunjika.

Kulikuwa na karaha nyingine ndogondogo ambazo mke aliyeachwa peke yake huzijua. Mjumbe mmoja wa Kongresi, James Lovell, alianza kumwandikia barua za utani uliovuka mpaka. Abigail alimkaripia, lakini hakumkata moja kwa moja, maana Lovell ndiye aliyekuwa na habari za John aliye Ulaya, na barua za John mwenyewe zilichukua miezi, zikawa fupi na baridi kwa hofu ya kukamatwa na adui baharini. Mwanamke anavumilia upuuzi wa mwanamume mmoja ili apate habari za mwingine. Tusiendelee.

Mwaka 1784 hatimaye alipanda meli. Swali ambalo sifa za Abigail huliruka ni hili: naye alipoondoka, nyumba alimwachia nani? Alimwachia Phoebe, mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa nyumbani kwa baba yake Abigail hadi mchungaji huyo alipofariki 1783, pamoja na mumewe Phoebe. Abigail aliuchukia utumwa na aliandika hivyo wazi. Lakini ngazi ilikuwa ileile: John aende, Abigail abaki; Abigail aende, Phoebe abaki. Barua za Abigail tunazo kwa mamia. Phoebe hakutuachia masimulizi yake ya miaka ile, na Patty aliyekufa 1775 tunamjua kwa jina la kwanza na ugonjwa wake.

John akawa makamu wa rais, kisha rais kuanzia 1797 hadi 1801. Hata katika miaka hiyo Abigail alikaa muda mrefu nyumbani, sehemu iliyokuwa imepewa jina jipya la Quincy, akiugua na kusimamia mashamba. Februari 1797, John akiwa Philadelphia akisubiri kuapishwa, jirani alikuja kulalamika kwamba James, kijana mweusi wa kazi ambaye Abigail alimpeleka shule ya jioni, atawafanya vijana wengine waache shule. Abigail aliuliza kama James amekosa adabu. Hapana. Basi kuna tatizo gani? Mbona kanisani wanakaa naye, mbona kwenye dansi wanacheza akiwapigia muziki? James akaendelea na shule. Safari hii aliyekuja mlangoni hakuuliza bwana yuko wapi.

Januari 1816, akiwa na miaka 71 na afya mbovu, aliketi akaandika wosia kwa mkono wake mwenyewe. Mume yu hai, yuko nyumba hiyohiyo, na kwa sheria mke aliyeolewa hakuwa na mali ya kurithisha. Abigail aliorodhesha tu: nguo, vito, hisa, pesa taslimu, dola elfu kadhaa kwa jumla, vitu ambavyo kwa miaka 40 alikuwa akiviita vyake bila ruhusa ya mtu. Karibu vyote aliwaachia wanawake: wajukuu wa kike, wapwa wa kike, wakwe, na wanawake waliomtumikia nyumbani. Alifariki Oktoba 28, 1818. Karatasi ile haikuwa na nguvu yoyote kama mjane angesema hapana. John Adams, aliyekuwa na siku mbili kutimiza miaka 83, aliiacha itekelezwe kama ilivyoandikwa.